Samaki malaika au mbuna wa Ziwa Nyasa: anza na maji ya bomba lako

Kwenye maduka ya samaki wa mapambo, malaika na mbuna huwekwa matangi jirani, na mara nyingine tangi moja. Malaika ni yule bapa mwenye mapezi marefu juu na chini, anayeelea taratibu katikati ya majani. Jina lake la kisayansi ni Pterophyllum scalare, na kwao ni mto Amazon na vijito vyake huko Peru, Kolombia na Brazili. Mbuna ni kundi la samaki wadogo wa miambani wa Ziwa Nyasa: wa buluu, wa njano, wenye michirizi myeusi, wasiotulia hata dakika moja. Wote ni wa ukoo wa Cichlidae, uleule wa sato na perege, lakini undugu wao unaishia hapo. Kinachomfaa mmoja kinamtesa mwenzake.

Wanunuzi wengi huchagua kwa rangi. Sisi tunasema chagua kwa maji. Maji yanayotoka bombani au kisimani kwako ndiyo utakayoyatia kwenye tangi kila wiki kwa miaka minane au kumi, maana ndio umri wanaoweza kufikia samaki hawa wakitunzwa vizuri. Ukimchukua anayeyapenda maji hayo, umejipunguzia kazi kuliko kifaa chochote utakachonunua.

Pima kabla ya kununua tangi

Chota ndoo moja ya maji unayotumia nyumbani, tumbukiza jiwe la pampu ya hewa, uache kwa saa 24. Maji yakitoka tu bombani huwa na gesi ya kaboni inayodanganya kipimo cha pH, yaani kiwango cha asidi ya maji. Kesho yake pima vitu vitatu: pH, ugumu wa maji (GH, unaohesabiwa kwa digrii za dGH), na KH, yaani uwezo wa maji kuizuia pH isiyumbe.

Kama bado huna kifaa, kuna dalili za nyumbani. Sabuni isipotoa povu haraka, na birika likijenga ukoko mweupe kila baada ya wiki chache, maji yako ni magumu. Povu likija upesi na birika likibaki safi, ni laini. Maji ya Nairobi yanayotoka mabwawa ya Ndakaini na Sasumua ni laini, kwa sababu ni maji ya mvua na mito ya milimani. Visima vingi vya Mombasa na Unguja vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, kwa hiyo maji yake ni magumu na pH iko juu. Dar es Salaam haina jibu moja: anayepata maji ya mto Ruvu na jirani yake mwenye kisima wanaweza kuwa na maji tofauti kabisa.

Hapa pana kosa linaloua mbuna wengi pwani. Maji magumu na maji ya chumvi si kitu kimoja. Kisima chenye ladha ya chumvi kina chumvi ya kawaida ileile ya mezani, na Ziwa Nyasa ni ziwa la maji baridi, halina chumvi hiyo. Mbuna wanahitaji kalisi, magnesi na baikaboneti. Kile kipimo cha TDS cha wauza maji, yaani jumla ya vitu vilivyoyeyuka, kinahesabu vyote kwa pamoja bila kubagua, kwa hiyo namba kubwa haikuambii kwamba maji yanawafaa mbuna. Yaonje kwanza, kisha pima GH na KH.

| | Malaika | Mbuna |
|---|---|---|
| pH | 6.0–7.5 (wa kufugwa huvumilia hadi 8) | 7.7–8.6 |
| Ugumu (dGH) | 3–10 | 6–20 |
| Joto | 25–28°C | 24–27°C |
| Tangi dogo kabisa | sm 80 × 45 × 50, lita 180 | sm 120 × 45 × 45, lita 240 |
| Idadi ya kuanzia | 6 wadogo, wabaki 2–4 | 12–18 kwa pamoja |
| Kubadilisha maji kwa wiki | 25% | 40% |

Ukitazama safu ya ugumu utaona jambo la msingi: kuyafanya maji laini yawe magumu ni rahisi, kuyafanya magumu yawe laini ni gharama. Mwenye maji laini anayetaka mbuna aweke makombe yaliyopondwa au vipande vya mawe ya chokaa ndani ya kichujio, na aongeze baikaboneti ya sodiamu, ile inayouzwa rafu moja na hamira. Gramu 6, takriban kijiko kimoja cha chai, hupandisha KH ya lita 50 kwa digrii 4 hivi. Soma pakiti vizuri, kwa sababu unga wa kuumulia keki una vitu vingine ndani yake na haufai.

Mwenye maji magumu anayetaka malaika hana njia ya mkato. Kutia ndimu, siki au dawa za kushusha pH ni kujisumbua: KH inaimeza asidi, pH inashuka jioni na kurudi juu asubuhi, na samaki anaumia kwa huko kupanda na kushuka kuliko ambavyo angeumia kwa pH 8 iliyotulia. Kinachofanya kazi ni kuchanganya. Maji ya dGH 20 ukiyachanganya nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa kwa mashine za maji ya kunywa, unapata dGH 10. Kwa tangi la lita 180, robo ya wiki ni lita 45, yaani dumu moja la lita 20 la maji ya kujaziwa na zaidi kidogo. Maji ya mvua nayo yanafaa, ila mvua ya kwanza iache ioshe bati, na paa lisiwe la asibesto wala lenye rangi inayobanduka.

Majani makavu ya mti wa mkungu, yale yanayodondoka yenyewe yakiwa ya kahawia, ni mazuri kwa malaika. Yaoshe, weka moja kwa kila lita 40 au 50, yabadilishe yakianza kuoza. Yanatoa rangi ya chai na kuwatuliza samaki. Usiyategemee kushusha pH ya maji magumu, hayana nguvu hiyo.

Amonia: sumu ileile, makali tofauti

Tangi lolote jipya linahitaji wiki 4 hadi 6 za kukomaza bakteria kwenye kichujio kabla samaki hawajaingia. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia. Bakteria huigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati. Mbili za kwanza ni sumu. Ukipata sponji chafu kutoka tangi la mtu aliyelea samaki kwa muda mrefu bila magonjwa, ipachike kwenye kichujio chako na muda huo utapungua sana.

Tofauti ya samaki hawa wawili inaonekana hapa kuliko mahali pengine. Amonia ndani ya maji ina sura mbili, moja kali na moja isiyo na madhara makubwa, na pH ndiyo inayoamua ipi iwe nyingi. Kwenye pH 7.0 na joto la 26°C, sehemu kali haifiki hata asilimia 1 ya amonia yote. Kwenye pH 8.3 na joto hilohilo ni kama asilimia 10. Kwa hiyo kiasi kilekile ambacho malaika angekiona kero tu, kwa mbuna ni cha kuunguza mashavu: wanapanda juu wakihema, na ndani ya mashavu panakuwa pekundu kupita kawaida. Na mbuna hufugwa wakiwa wengi. Wape kichujio chenye uwezo wa kupitisha ujazo wa tangi mara 6 hadi 8 kwa saa. Malaika wanatosheka na mara 3 au 4, tena mkondo uwe mpole, kwa sababu mwili ule bapa unasukumwa na maji kama tanga.

Malaika wana hatari yao ya upande wa pili. Maji laini sana yakikosa KH, pH inaporomoka yenyewe kadiri taka zinavyoongezeka, na ikishuka chini ya 6 bakteria wa kichujio karibu wanasimama. Kipimo kinaonyesha amonia inapanda ingawa hujaongeza samaki. Usiache KH ishuke chini ya 3. Kiganja cha makombe yaliyopondwa ndani ya mfuko wa wavu kinatosha. Ukiona ugumu unapanda mno, punguza.

Kimo au urefu

Malaika mzima ana mwili wa sm 12 hadi 15, na toka ncha ya pezi la juu hadi la chini anaweza kuvuka sm 20. Ndiyo maana kimo cha sm 45 ni cha chini kabisa, na 50 ni bora. Kwenye tangi fupi mapezi ya chini hukua yamepinda, na hayanyooki tena. Muuzaji akikuonyesha tangi refu la sm 120 lenye kimo cha 35, hilo si la malaika hata kama lita zinatosha.

Mbuna hawana haja ya kimo. Wanataka sakafu, na miamba yenye mapango. Mawe yapangwe kwanza juu ya kioo, au juu ya kipande cha plastiki kilichotandikwa chini, ndipo mchanga umwagwe. Ukianza na mchanga watachimba chini ya jiwe, jiwe litaporomoka, na kioo kitapasuka. Jaribu kila jiwe kwa siki: likitoa povu lina chokaa, mpe mbuna, lisikaribie tangi la malaika.

Kwa fundi wa vioo, lita 180 zinahitaji kioo cha mm 8 chenye mikanda ya juu. Kwa lita 240 usikubali chini ya mm 10. Silikoni iwe ile isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, na tangi likae wiki nzima kabla ya kujazwa. Maji pekee ya tangi la mbuna ni kilo 240. Ongeza mawe na kioo, utaona kwa nini kabati la televisheni halifai.

Nani anamwonea nani

Nunua malaika sita wenye ukubwa wa sarafu, walee pamoja. Kumtambua dume na jike kwa macho ni kazi bure hadi siku ya kutaga, ambapo kijibomba cha uzazi cha dume huonekana chembamba chenye ncha na cha jike kipana. Kati ya miezi 8 na 12 wawili watajitenga, watasafisha jani au kigae, na kuwafukuza wenzao kwenye pembe. Hapo ndipo wengi wanapoteza samaki: wanasubiri wapatane. Hawapatani. Waondoe waliobaki siku hiyohiyo, au uwe na tangi la lita 300 na zaidi lenye majani marefu ya kuwaficha.

Jina lisikudanganye. Malaika ni mwindaji, na samaki wadogo kama neoni wa sm 3 atawaona chakula akishakua. Wenzake wazuri ni koridora, kambare wadogo wa chini, na tetra wenye mwili mpana kidogo. Barbusi wenye michirizi usiwaweke kabisa, watamkata mapezi vipande vipande.

Mbuna ugomvi ndio maisha yao, na dawa yake inashangaza wageni: ongeza idadi. Mbuna watano kwenye tangi kubwa watauana mmoja mmoja, kwa sababu dume mkubwa ana adui wachache wa kufukuza siku nzima. Wakiwa kumi na watano hasira inagawanyika. Weka dume mmoja kwa majike watatu au zaidi wa kila aina, na usichanganye aina zinazofanana rangi. Anayeanza aanze na Labidochromis caeruleus wa njano, ndiye mpole kuliko wengi. Chindongo demasoni, mdogo wa buluu mwenye mistari, anatoka upande wetu wa ziwa, kwenye mawe ya Pombo, Tanzania, na alielezwa kisayansi mwaka 1994. Ni mzuri mno, lakini madume hawavumiliani, na hufugwa kwa kundi la 12 au zaidi. Melanochromis auratus muepuke, hata kama ndiye wa bei rahisi dukani. Dume mmoja anaweza kulitawala tangi zima hadi abaki peke yake. Ukileta wageni, panga mawe upya siku hiyo na uzime taa, ili wenyeji wapoteze mipaka yao.

Na malaika na mbuna pamoja? Hapana. Duka likiwachanganya ni kwa siku chache za biashara. Nyumbani mapezi yataisha ndani ya siku mbili tatu, kisha ukungu utaingia kwenye vidonda.

Chakula

Malaika hasumbui kwa chakula. Chembe zenye protini ya asilimia 40 hivi, mara mbili kwa siku, kiasi wanachomaliza ndani ya dakika mbili, na mara mbili kwa wiki artemia (vijidudu vya jamii ya kamba) au viluwiluwi vya mbu kutoka kwenye ndoo safi uliyoiacha nje wewe mwenyewe. Viluwiluwi vya mtaroni viache.

Mbuna wanahitaji nidhamu yako. Kwao ziwani wanakwangua mwani juu ya mawe kutwa, na utumbo wao ni mrefu kwa ajili ya mimea. Ukiwapa nyama ya ng'ombe, minyoo myekundu au chakula chenye mafuta mengi, wanakula kwa furaha, na baadaye mmoja anaacha kula, tumbo linavimba, kinyesi kinakuwa uzi mweupe unaoning'inia. Huo ndio uvimbe wa mbuna, na ukishaona tumbo limejaa umechelewa kwa samaki huyo. Mtenge mapema, anapotema chakula tu. Dawa ya metronidazoli hutumika, kwa kawaida miligramu 250 kwa lita 40, mara tatu kwa kupisha saa 48, ukibadilisha robo ya maji kila kabla ya kurudia. Kinga ni rahisi zaidi: chembe za mwani wa spirulina, na mchicha uliopitishwa kwenye maji ya moto.

Joto, umeme na ndoo

Dar, Tanga, Mombasa na Unguja, tangi la sebuleni lina joto la kutosha karibu mwaka mzima. Nairobi, Arusha, Iringa na Mbeya unahitaji hita, wati 1 kwa lita moja. Wakati wa joto kali pwani, maji yakifika 30°C, malaika anaendelea na shughuli zake. Mbuna wanapata shida, kwa kuwa maji ya moto hubeba oksijeni kidogo: miligramu 7.5 kwa lita kwenye 30°C, dhidi ya 8.3 kwenye 25°C, na wao ni wengi tena wanakimbizana. Umeme ukikatika usiku, tangi la mbuna linaweza kufikia hatua ya samaki kuhema juu kabla ya asubuhi. Pampu ya hewa ya betri kwao ni lazima. Pampu ndogo inayokula wati 3 hadi 5 inaendeshwa usiku kucha hata na betri ndogo yenye inveta.

Hesabu pia ndoo. Asilimia 40 ya lita 240 ni lita 96, yaani karibu ndoo tano za lita 20 kila wiki. Malaika ni lita 45, ndoo mbili na ushee. Mtaa wenye mgao wa maji, tofauti hiyo ni kubwa kuliko tofauti ya bei ya samaki. Maji ya bomba yakae wazi saa 24 klorini itoke, au tumia dawa ya kuiondoa.

Ukitaka vifaranga

Mbuna ni mteremko. Jike hubeba mayai mdomoni siku 18 hadi 21 bila kula, taya limefura, kisha hutema vifaranga 15 hadi 40 ambao siku hiyohiyo wanakula chembe zilizosagwa. Mhamishe jike taratibu wiki ya mwisho kwenye tangi dogo, mpe kipande cha bomba ajifiche. Shida pekee ni machotara: aina zilizo karibu zinapandana, na vifaranga hao wasiuzwe kama aina safi.

Malaika wanataga mamia ya mayai kwenye kigae kilichoegeshwa, na kwenye 27–28°C yanaanguliwa baada ya saa 48 hadi 60. Vifaranga hubaki wamening'inia siku nne au tano zaidi kabla ya kuogelea. Wazazi wageni hula mayai yao mara mbili tatu za mwanzo. Waache wajifunze, au hamisha kigae kwenye chombo chenye maji yaleyale ya tangi, pampu ya hewa ikipuliza karibu, na uondoe mayai meupe. Kazi ngumu ni chakula: wanataka artemia waliototolewa leo. Gramu 25 za chumvi kwa lita, hewa nyingi, 26–28°C, saa 24 au zaidi kidogo. Anza kutotoa siku moja kabla vifaranga hawajaogelea, kwa sababu wakikosa chakula siku ya kwanza wengi hawafiki ya tatu.

Kwa hiyo uchukue nani

Maji laini, nafasi ndogo ya ukutani, mgao wa maji mara kwa mara: malaika, bila kusita. Maji magumu yasiyo na chumvi, ukuta mrefu, na unapenda tangi lenye fujo na rangi: mbuna. Maji magumu na moyo wako uko kwa malaika: nunua waliozaliwa kwa mfugaji wa mji wako, kwenye maji kama yako, usahau malaika aina ya altum wa mto Orinoco ambao hawawezi maji hayo. Kisima cha chumvi: usiwachukue wote wawili hadi upate chanzo kingine cha maji.

Ukiwa na tangi la lita 50 au 60 tu, waache wote. Neolamprologus multifasciatus wa Ziwa Tanganyika, samaki wa sm 3 hadi 5 wanaoishi ndani ya magamba ya konokono, wataishi humo kama ukoo mzima, mradi maji yawe magumu na yenye pH ya 8 na zaidi.

Dukani, mwombe muuzaji awalishe mbele yako. Malaika anayefaa anakuja mbele, nyuzi mbili za tumboni zimenyooka na zinalingana, jicho halina ukungu. Mbuna anayefaa anakwangua jiwe na kufukuza mwenzake. Anayesimama pembeni rangi imefifia na hashughuliki na chakula mwache hapo, hata ukipewa kwa nusu bei.